Kilo 5 zilizopotea kati ya Lamu na Nairobi

Mafuta ya nazi yalikuwa yale yale lakini namba zilikuwa tatu. Meseji ya oda ilisema kilo 100, karatasi ya mzigo ilioandikwa hapa Lamu ikasema kilo 96.5, na mzigo ulipofika Nairobi mnunuzi akapima akasema alichopata ni kilo 91.5. Mtu akiziona namba zimepangwa hivo moja chini ya nyengine akili inaenda kwa wizi tu, manake zinashuka kila mzigo unapofika mahali, na ndivo ilivokuwa, kabla jua halijatua jina la kijana mmoja wa boti lilikuwa lishazunguka mtaa wetu wa Langoni mzima kuwa amechota mafuta ya akina mama usiku pale Mokowe, ng'ambo ya bara ambako mzigo unatoka kwenye boti na kupanda basi. Naandika kisa chote na hesabu zake sababu hesabu zenyewe si ngumu, mtoto wa darasa la 6 anaziweza, lakini hakuna aliezifanya mpaka mtu akawa karibu kupoteza kazi.

Kikundi chenyewe sikitaji jina. Ni akina mama wa mtaani wanaotengeneza mafuta ya nazi kwa njia ya zamani, nazi zinakunwa kwa mbuzi, tui linakamuliwa na linaachwa litulie mpaka ile sehemu nzito yenye mafuta ipande juu, alafu linachemshwa polepole mpaka maji yaishe na mafuta yajitenge na yale mabaki ya kahawia, yanachujwa kwa kitambaa, yanalala usiku mzima yatulie na kupoa ndo yanajazwa. Mafuta mazuri sana, ukifungua kifuniko harufu inajaza chumba. Hapa mjini wanauza kwa chupa, nusu lita na lita, na bei yao ni shilingi 600 kwa lita, bei ambayo waliikalia kikao na kuihesabu kutoka nazi, kuni, chupa na jasho lao, sio bei ya kubahatisha.

Mnunuzi wa Nairobi alikuwa ashachukua kwao mara kadhaa, lita 5, lita 10, kwa bei hio hio ya 600 kwa lita. Yeye anauzia mikahawa na zaidi anauzia watu wa sabuni, na mtu wa sabuni hana haja na lita kabisa, yeye kila kitu ni gramu, sababu ile kostiki soda anaiweka kulingana na uzito wa mafuta na akizidisha sabuni inachoma ngozi, akipunguza inabaki na mafuta mafuta haishikani vizuri. Kwa hivo mwezi wa saba, biashara yake ilipokua, akaandika meseji: "Safari hii nataka kilo 100, bei ile ile." Katibu wa kikundi akajibu: "Sawa, zitafika." Kesi yote iko ndani ya hizo meseji mbili, na ukizisoma haraka huoni kitu.

Kile kilichobadilika ni neno kilo pale palipokuwa lita. Bei ikabaki 600. Akina mama wakajaza mitungi 5 ya lita 20, jagi baada ya jagi, jagi la lita moja lenye alama, wakahesabu kwa sauti mpaka 100. Mitungi ikapandishwa punda mpaka jeti, lakini kabla ya kushuka ikapitishwa kwa jamaa mmoja mwenye mizani ya saa ikapimwa, sababu ofisi ya basi wanatoza kwa kilo, na ndo pale ikaandikwa 96.5 kwenye karatasi. Hakuna aliejiuliza mbona si 100. Katibu alidhani mizani ile ya zamani ni mbovu. Kusi ilikuwa kali siku hio, boti ikachelewa, ilipofika Mokowe basi lilikuwa lishaondoka, mzigo ukalala pale chini ya ulinzi wa yule kijana mpaka alfajiri. Nairobi ikafika salama isipokuwa kifuniko cha mtungi mmoja kilikuwa kimelegea.

Sasa angalia ushahidi uliomwangukia yule kijana. Mzigo ulilala mikononi mwake. Kifuniko kimoja kililegea. Karatasi ya Lamu inasema 96.5 na Nairobi ni 91.5, yaani kilo 5 kamili zimepotea njiani. Na juu ya hayo yote mnunuzi akatuma picha, mitungi ambayo ilijazwa mpaka karibu na shingo sasa mafuta yamekaa chini, mbavu za mtungi zimebonyea ndani kidogo, yaani hata kwa macho unaona kimepungua kitu. Mimi mwenyewe ningekuwa hakimu wa haraka ningemhukumu. Mnunuzi akakata pesa, akatuma 54,900 badala ya 60,000, na akasema shilingi 5,100 zilizobaki wamdai mwizi wao.

Mimi nauza duka hapa Langoni, mchele, sukari, na mafuta ya kupima, kwa hivo mizani ni kitu naishi nacho toka asubuhi mpaka usiku, na yangu inakaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo inavotakikana. Mwenyekiti wa kikundi, bi mkubwa mmoja namheshimu sana, akaja dukani amevimba kwa uchungu. "Mwanangu, mafuta tumeyapima kwa mato yetu, jagi moya moya, mpaka mia. Yakuwe tisini na moya vipi?" Nikamwambia bibi keti kwanza, nipe hizo karatasi zote na niletee jagi lenyewe mulilopimia na chupa moja ya mafuta ya upishi ule ule, na mtungi mtupu wa aina ile ile. Akatuma mtoto.

Jambo la kwanza nililolipima sio mafuta, ni jagi. Watu wanasahau hili kabisa, jagi la plastiki limeandikwa lita moja lakini nani alilipima? Njia ya kulijua ni maji, sababu lita moja ya maji safi ni kilo moja, kwa joto letu la pwani pungufu kidogo, kama gramu 996. Lakini yawe maji matamu, usichukue ya kisima chenye chumvi wala ya bahari, ya bahari lita moja inafika gramu 1,025 hivi na itakudanganya. Nikatumia maji ya Shela, yale yanayotoka chini ya michanga kule, nikaweka jagi tupu kwenye mizani nikairudisha sufuri, nikajaza mpaka kwenye alama. Mizani yangu inaruka kwa gramu 5, ikasoma 995. Kwa hivo jagi ni la haki, na akina mama kweli walijaza lita 100, hapo nikawa sina shaka.

Jambo la pili, nikakausha jagi vizuri, nikatia mafuta yao mpaka kwenye alama ile ile. Mizani ikasoma 915.

Bibi akaangalia ile namba kimya, alafu akasema mizani imekosa. Nikarudia mbele yake. 915. Na hio ndio namba yenyewe, lita moja ya mafuta ya nazi kwenye joto la nyuzi 30 hivi huwa gramu 915 mpaka 920, hayawezi kuwa kilo moja hata ukiyajaza kwa mkono wa nani. Nikamuuliza, bibi, tui likitulia mafuta yanakaa wapi? "Yanapanda yuu." Kwa nini yanapanda? Akanyamaza kidogo, akacheka. Anajua toka utotoni kwamba mafuta ni mepesi kuliko maji, kila siku anayaona yakielea, ila hakuna aliewahi kumwambia kuwa wepesi huo una namba, na kwamba namba hio ni pesa. Lita ni nafasi, kilo ni uzito, na kila kitu kina uzito wake katika nafasi ile ile, ndo sababu kibaba cha mchele na kibaba cha unga ni kibaba kimoja lakini ukiviweka kwenye mizani havilingani.

Basi hesabu ikaanza kujifungua yenyewe. Lita 20 mara 0.915 ni kilo 18.3 kwa mtungi. Mitungi 5 ni kilo 91.5. Yaani ile namba ya Nairobi, ile iliotukanwa mchana kutwa, ndio ilikuwa namba ya kweli ya mafuta tokea hapa Lamu. Lita 100 za akina mama na kilo 91.5 za mnunuzi ni kitu kimoja, hakuna aliesema uongo.

Sasa 96.5 imetoka wapi? Nikaweka ule mtungi mtupu na kifuniko chake kwenye mizani, kilo 1 kamili. Mitungi 5, kilo 5. Yule jamaa wa mizani ya saa alipima mzigo kama ulivo, mafuta na chombo chake, na alikuwa sawa, sababu ofisi ya basi haikujali ndani kuna nini, wanatoza kile kinachobebwa. Mnunuzi yeye alitoa uzito wa mtungi ndo akaandika. Kilo 5 zilizopotea kati ya Lamu na Nairobi ni plastiki.

Lakini hapo bado, sababu kuna watu walikuwa wamejaa dukani sahii, na mmoja akasema haya, hio ni hesabu ya makaratasi, itakuwaje kama kijana alichota kweli na namba zikaangukiana tu? Swali la haki. Nikampigia mnunuzi simu, nikamsalimia kwa adabu, nikamwambia kaka, naomba kitu kimoja tu, nisomee uzito wa kila mtungi mmoja mmoja kabla hujatoa wa chombo. Alikuwa ameziandika namba hizo, namsifu kwa hilo, watu wengi wanaandika jumla tu. Akasoma: 19.3, 19.3, 19.25, 19.3, 19.35. Jumlisha, 96.5. Ile ile ya Lamu. Na ule wenye kifuniko kilicholegea ni wa 19.3, uko katikati ya wenzake, haukupungua kitu. Mwizi akichota usiku kwa haraka hachoti kidogo kidogo sawasawa kwenye mitungi mitano kwa mizani, atachota kwenye mmoja ulio karibu, na mmoja huo ungeonekana. Hapa hapakuchotwa.

Ikabaki picha. Na hii ndo sehemu ambayo mimi naona imewaponza wengi wanaotuma mafuta ya nazi bara, na sijaona mtu akiieleza vizuri. Mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi 24 au 25 hivi. Hapa Lamu hatuyaoni yakiganda sababu hata usiku wa kusi ni joto, lakini Nairobi mwezi wa saba asubuhi ni baridi ya kuvaa sweta, mafuta yanafika yamekuwa meupe magumu. Na mafuta yakipoa yanasinyaa. Yakiwa bado ya maji, kila nyuzi 10 unazoshusha zinapunguza ujazo kama asilimia 0.7, yaani kwenye lita 20 ni kama mililita 140, kikombe kidogo cha kahawa na zaidi, alafu yakiganda yanasinyaa zaidi ya hapo, na kama kifuniko kimekazwa mtungi wenyewe unavutwa ndani, ndo zile mbavu zilizobonyea. Kwa macho kimepungua. Kwa mizani hakuna hata gramu moja iliotoka. Ukiyapasha yatarudi juu pale pale yalipokuwa. Kwa hivo mtu anaeuza kwa lita Lamu na anaenunua kwa lita Nairobi hawatapatana milele hata wote wakiwa waaminifu, lita ya pwani si lita ya bara, lakini kilo ni kilo kotekote. Hapa mnunuzi alikuwa na haki kutaka kilo na mimi niliwaambia akina mama wazi, kwa mzigo wa mbali yeye ndie yuko sawa.

Upande wa pesa sasa, hapo nilikuwa na wao.

Wakati wote watu walikuwa wanabishana juu ya mafuta yaliopotea, kumbe kilichopotea ni bei. Ukiuza lita kwa 600, na lita ni kilo 0.915, basi kilo moja haiwezi kuwa 600. Kilo ni mafuta mengi zaidi ya lita, ni lita moja na karibu mililita 93. Kwa hivo bei ya kilo ni 600 gawanya kwa 0.915, inakuja 655 na senti 74. Walipokubali kilo kwa 600 walikuwa wamekubali lita kwa 549 bila kujua, punguzo la shilingi 51 kwa kila lita ambalo hakuna aliewaomba na hakuna aliekaa kikao kulipitisha. Mara lita 100, ni 5,100. Ile ile pesa iliokatwa! Yaani shilingi hazikuibwa Mokowe, zilitoka siku ya meseji.

Na watu hukosea upande, hii naisema kwa msisitizo sababu nimeiona kwa wenye maduka pia. Ukitoka lita kwenda kilo, kiasi unazidisha kwa 0.915, kinapungua. Bei unagawanya, inapanda. Ukizidisha vyote umejiumiza. Jiulize tu, kilo ni kubwa kuliko lita ya mafuta, kwa hivo kilo lazima iwe na bei kubwa, na kilo zitakuwa chache kuliko lita, kama jibu lako haliendi hivo rudi nyuma.

Kuna mtego mwengine mdogo ambao katibu aliingia hapo hapo mbele yetu. Akasema basi kama tulipungukiwa kilo 8 na nusu katika 100, mzigo ujao tutie lita 108 na nusu. Inaonekana sawa, lakini piga hesabu, 108.5 mara 0.915 ni kilo 99.28, bado umepungukiwa gramu 720, na mnunuzi wa sabuni ataiona. Inatakiwa lita 109.3, yaani 100 gawanya kwa 0.915. Asilimia uliyoitoa kwa mia sio asilimia utakayoirudisha, sababu sasa unaihesabu kutoka kwenye kitu kidogo zaidi. Kwenye bei ni hivo hivo, 600 ukiongeza asilimia 8.5 unapata 651, unaacha karibu shilingi 5 kwa kila kilo mezani. Kwa mtungi mmoja si kitu, kwa mwaka mzima wa biashara ni pesa ya kununua mizani yenu wenyewe.

Simu ikarudiwa, safari hii spika imefunguliwa na bi mwenyekiti ndie anaeongea, na aliongea vizuri kuliko mimi, hakumlaumu. Akamwambia mwanangu, wewe uliandika bei ile ile, na bei yetu ile ile ni ya lita, na lita 100 umezipata, hesabu unayo mkononi. Mnunuzi akaomba dakika, akapima upya kwa upande wake, akarudi akasema ni kweli. Akatuma 5,100. Lakini na yeye akasema neno lake la haki, kwamba wateja wake aliwaahidi kilo 100 na ana 91.5, kwa hivo anataka zile 8.5. Hapo ndo ikaongelewa bei ya kilo waziwazi kwa mara ya kwanza, yeye akasema 650, mwenyekiti akasema 660, wakakutana 655, ambayo ukiizidisha kwa 0.915 inarudi kwenye shilingi 599 na kitu kwa lita. Wote wamepata walichokuwa wanadhani wanacho toka mwanzo. Kilo 8.5 zikatumwa kwa 5,567 na nusu.

Kuhusu yule kijana wa boti, mwenyekiti hakutuma ujumbe. Alikwenda jeti mwenyewe saa ya watu wengi akasimama pale akasema mbele ya mwenye boti na mahamali na kila mtu kuwa mafuta yamepatikana yote, hayakuchotwa, na kwamba kikundi kinamuomba radhi. Nalitia hili kwenye uchambuzi sababu ni sehemu ya hesabu, aliesingiziwa hadharani hakusafishwa kwa minong'ono. Na lile ambalo bado linaniuma ni kuwa ushahidi wa kumtoa hatiani ulikuwepo tokea mwanzo kwenye daftari la mnunuzi, zile namba tano, ilitakiwa mtu aziulize tu.

Watu wamekuja kuniuliza baada ya hapo je mafuta mengine. Karibu yote yako jirani. Mafuta ya mawese yaliosafishwa, haya tunayouza ya kupima madukani, ni kama gramu 910 kwa lita, alizeti na simsim ni kama 920, samli iliyoyeyuka iko hapo hapo karibu 910. Kwa jikoni ukishika 915 kwa yote hutakosea kitu cha maana, nusu lita ni gramu 458 hivi, kikombe cha mililita 250 ni gramu 229, kijiko cha meza cha mililita 15 ni karibu gramu 14. Kwa hivo mapishi yakikwambia mafuta gramu 250 na wewe una kikombe cha mililita 250, jaza kikombe alafu ongeza kijiko kimoja cha meza na nusu. Kwa mahamri haitaonekana, kwa keki utaiona. Kwa mzigo wa mitungi usitumie namba yangu wala ya mtu, pima lita moja ya mafuta yako mwenyewe siku ile ile na yakiwa yamepoa, sababu yakiwa moto lita ni nyepesi zaidi, na kama maji hayakuisha vizuri wakati wa kuchemsha uzito unapanda kidogo kwa kitu ambacho si mafuta na ndicho kitakachoyafanya yaote harufu mbaya.

Na dukani angalieni lebo jamani. Mafuta ya kuganda yanauzwa kwa kilo na gramu, ya maji kwa lita, na kuna mitungi imeandikwa 20 na kwa herufi ndogo kando yake ni kilo, na mingine 20 yake ni lita. Mtungi wa kilo 20 una karibu lita 22 ndani, ule wa lita 20 una kilo 18 na kidogo. Ukiikuta yote miwili kwa bei moja, wa kilo umekuzidishia karibu lita 2. Mimi nikinunua jumla Mombasa hicho ndo kitu cha kwanza natazama, kabla ya bei.

Kikundi sahii wana mizani yao. Chupa za mjini niliwaambia waache kwa lita kama zamani, mteja wa Lamu ananunua kwa macho na mafuta hayagandi hapa, hakuna haja ya kumchanganya. Ya bara yanaenda kwa kilo, na kila mtungi unabandikwa karatasi yenye namba tatu kwa kalamu isiofutika: mtungi mtupu, mtungi na mafuta, mafuta peke yake, alafu picha ya mizani inatumwa kwa simu kabla punda hajaondoka. Mnunuzi akaomba wasijaze kilo 18.3 bali 18 kamili iwe rahisi kuhesabu, akina mama wakakubali, kwa hivo mtungi mmoja ni shilingi 11,790, na oda ya kilo 100 ni mitungi 5 ya kilo 18 na wa sita wa kilo 10.